Mdogo wangu kakatwa vidole na mashine kiwandani: tutafute wakili au twende Mfuko wa Fidia wenyewe?

#1 Kitwana wa Mbagala
Wakuu, habari zenu.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiwanda kimoja cha plastiki hapa Dar, upande wa mashine ya kusaga mabaki. Mashine ikakwama, msimamizi akamwambia achomoe kilichonasa bila kuzima kwa sababu oda ilikuwa ya haraka. Mkono ukavutwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekwenda, cha tatu kipo ila hakikunji.

Walimkimbiza hospitali, bili ya kwanza wakalipa. Baada ya hapo wakamletea wodini laki tano taslimu na karatasi ya kusaini. Akaweka dole gumba la kushoto, maana wa kulia wote ulikuwa kwenye bandeji. Nakala hakupewa. Sasa hivi anaambiwa "pumzika, tutakuita".

Kuna jamaa katufuata hukohuko wodini, suti na mkoba, anasema yeye ni wakili wa kesi za fidia. Anataka asilimia 30 ya kitakachopatikana, na laki mbili za kufungulia faili. Mama anataka tumpe, anasema huyu angalau katutafuta.

Swali langu: jambo hili linahitaji wakili? Na kama linahitaji, mnampataje aliye wa kweli?

#2 Pimbi Mjanja
Pole kwa dogo. Wakili anayewinda wodini ni kishoka. Laki mbili ya faili gani? Faili linauzwa elfu moja stationery.

#3 Mzee wa Tazara
Msijisumbue wanangu. Binamu yangu aliponda mguu karakana enzi hizo. Tumezunguka weee, mwisho akaandikiwa laki moja na elfu nane. Nauli za kufuatilia zilizidi hiyo fidia. Chukueni hiyo laki tano mshukuru Mungu.

#4 Mama Rasilimali
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo unampoteza kijana. Hiyo 108,000 ndiyo ilikuwa kikomo cha sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka ukoloni. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa 2008, Mfuko ukaanza kazi Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Hesabu za sasa hazifanani na zile hata kidogo.

Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, nimejaza taarifa hizi mpaka nimechoka. Kitwana, iko hivi. Mfanyakazi akiumia anamjulisha mwajiri. Mwajiri ana siku saba kupeleka taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Madai yenyewe yafunguliwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, kwa hiyo muda bado mnao ila msiuchezee. Kufungua madai hakuna ada. Shilingi sifuri. Anayekuambia laki mbili ni za Mfuko anakudanganya.

Wakati hawezi kufanya kazi kwa sababu ya jeraha anastahili asilimia 70 ya mshahara wake, mpaka miezi 24. Matibabu yako juu ya Mfuko. Jeraha likishatulia anapimwa ulemavu wa kudumu: usiozidi asilimia 30 analipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo anapata pensheni ya kila mwezi. Kingine watu hawakijui: fidia hii haiulizi nani alikosea. Hata kama dogo mwenyewe alizembea, kuumia akiwa kazini ndiyo hoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji wakili. Inahitaji karatasi.

#5 Pimbi Mjanja
Mama Rasilimali kamaliza. Mada ifungwe.

#6 Nyundo ya Gongo la Mboto
Isifungwe bado. Mama anaongelea mwajiri mwema. Mimi nimefanya viwanda vitatu barabara ya Nyerere na sijaona taarifa ya siku saba. Nimeona laki tano na karatasi. Kitwana, hiyo karatasi iliandikwa nini?

#7 Kitwana wa Mbagala
Asanteni. Dogo hakumbuki vizuri, alikuwa na dawa za maumivu. Anakumbuka maneno "malipo kamili na ya mwisho" na kwamba hatadai tena. Leo nimepiga simu kwa afisa utumishi, kajibu "tumesharipoti" akakata. Namba ya madai hakutoa.

#8 Daktari wa Kata
Habari za jukwaa. Naongea kama mtu wa hospitali. Mnakimbilia kusema mwajiri mwizi, lakini ucheleweshaji mwingi ninaouona mimi uko kwetu. Kuna taarifa ya daktari ya mwanzo, kuna za maendeleo, na kuna ya mwisho inayosema mgonjwa amefika pale ambapo matibabu hayatamwongezea kitu. Bila hiyo ya mwisho hakuna asilimia ya ulemavu, na bila asilimia hakuna hesabu. Kidole kisichokunja bado kina mazoezi ya viungo mbele yake. Kumpima leo ni kumpunja au kumzidishia.

Ninachowasihi: kila akienda kliniki aandikwe. Kuna wagonjwa wanaruka miadi kwa sababu ya nauli, halafu faili linasema kapona.

#9 Nyundo ya Gongo la Mboto
Daktari, nakuheshimu, ila huo ni upande mmoja. Mwajiri asiyechangia hawezi kuripoti, maana akiripoti anajichongea. Ndiyo maana anakuja na laki tano. Bei ya kimya.

#10 Mama Rasilimali
Mchango wenyewe mdogo tu siku hizi. Sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 ya jumla ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na serikalini. Mwajiri akikwepa hapo ni ubahili au uzembe wa ofisi.

Na kutosajiliwa ni kosa la mwajiri, si la aliyeumia. Dogo asikae nyumbani eti kwa sababu tajiri hachangii. Apeleke taarifa yeye mwenyewe ofisi ya Mfuko iliyo karibu, aache barua, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Nakala yenye muhuri ndiyo silaha.

#11 Kalamu Nyeusi
Nimeusoma uzi wote. Mimi ni wakili, naomba nisishambuliwe kabla sijamaliza.

Mama Rasilimali yuko sahihi kwamba kufungua madai hakuhitaji wakili. Nimewarudisha watu wengi mlangoni kwangu na hela zao mkononi. Ila kuna mahali mambo yanageuka. Mwajiri akikana kwamba wewe ni mfanyakazi wake. Mwajiri akikana kwamba ajali ilitokea kazini. Ukipewa asilimia ya ulemavu isiyoendana na mkono unaouona kwa macho. Au ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia.

Hili la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kwako, Kitwana. "Pumzika, tutakuita" ni nini? Likizo ya ugonjwa au kuachishwa? Kama ni kuachishwa, hilo haliendi Mfuko wa Fidia, linaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu tangu kuachishwa. Watu wanahangaika na fidia miezi sita, wakikumbuka ajira mlango umeshafungwa, waanze kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku waliyochelewa. Dogo aandike barua leo: niko matibabuni, nipo tayari kurudi daktari akiruhusu, naomba mnijulishe hali ya ajira yangu. Wakijibu, mmejua. Wasipojibu, nakala yenye muhuri mnayo.

Tena kule Tume si lazima wakili. Sheria inaruhusu uwakilishwe na wakili, au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe.

Kuhusu jamaa wa wodini: mwombe jina kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili, kisha ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Unaonyesha kama ameandikishwa na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Wakili anaweza kuwa wa kweli na leseni imekufa, huyo pia hafai. Asiyetaka kutaja jina kamili, jibu umeshapata.

#12 Pimbi Mjanja
Wakili kasema "si lazima wakili". Jamani piga picha hii kabla hajafuta.

#13 Bi Sauda Kigamboni
@Kalamu Nyeusi hujagusa asilimia 30. Ni halali au si halali? Usikwepe kama mgombea.

#14 Kalamu Nyeusi
Sikwepi Bi Sauda. Mimi sichukui kazi kwa kugawana kinachopatikana. Ada za mawakili zina amri yake ya mwaka 2015, tunapatana kiasi, tunaandika, tunasaini wote, mteja anapewa risiti. Na hela ya fidia iingie kwenye akaunti ya aliyeumia, si ya wakili. Likikataliwa hilo, ondoka.

#15 Nyundo ya Gongo la Mboto
Kwenye vitabu sawa. Mtaani asilimia ndiyo lugha. Kibarua aliyekatwa vidole atatoa wapi ada ya kupatana? Asilimia inamsaidia asiye na kitu. Mimi kesi yangu ya kuachishwa niliendesha hivyo na nilipata changu.

#16 Bi Sauda Kigamboni
Ulipata chako baada ya yeye kupata chake. Halafu kesi ya kubishaniwa ni kitu kimoja, lakini hapa ni madai yanayolipwa na Mfuko bila kubishana na mtu. Asilimia 30 ya nini? Ya kubeba bahasha?

#17 Nyundo ya Gongo la Mboto
Bahasha nyingine nzito, dada.

#18 Mvita Kando ya Bahari
Salaam kutoka Mombasa. Nawasoma nikicheka, maana hicho kilio cha asilimia tumekilia sisi kabla yenu. Huku wakili haruhusiwi kupatana na mteja kwamba atalipwa akishinda tu, Sheria ya Mawakili kifungu cha 46 inayabatilisha mapatano ya namna hiyo. Lakini mabroka walikuwa wanakaa nje ya hospitali kuu kama makanga stendi.

Sheria yetu ya majeraha ya kazini ni ya 2007, inasema madai yaende kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha mawakili kikaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2009 ikavifuta baadhi ya vifungu, na kesi za majeraha zikaendelea kumiminika kwa mahakimu. Mahakama ya Rufaa ikageuza 2017, na Mahakama ya Juu ikakazia Desemba 2019: kwanza kwa Mkurugenzi. Usiporidhika unaweka pingamizi ndani ya siku 60, ndipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mawakili wengi walinuna siku ile. Waliokuwa na kesi katikati ya safari walibaki wananing'inia, hadi Jaji Mkuu alipotoa maelekezo 2023.

Tofauti yetu kubwa na nyinyi: sisi hatuna mfuko wa taifa, mwajiri anakata bima. Kwa hiyo unabishana na kampuni ya bima, na hao wana mawakili wao. Mimi nisingemwambia mtu wa huku aende peke yake.

#19 Kalamu Nyeusi
Nashukuru kwa hilo jirani. Kitwana, usichanganye, hizo siku 60 ni za Kenya. Kwetu pia uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko unaweza kupingwa, na mwisho wa njia ni Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, ila siku zake zina hesabu yake. Ukipata barua ya uamuzi, bahasha itunze na tarehe ya kupokea iandike siku hiyohiyo.

#20 Mwana Uvira
Jambo bandugu. Mie Mkongo wa Uvira, niko Amarillo, Texas, kazi ya nyama. Huku kisu kinakata watu kila wiki. Mawakili wa fidia wako kwenye mabango barabarani, wako kwenye televisheni, hulipi kitu mwanzo. Ada yao inakatwa kwenye malipo, haipiti asilimia 25 na inaidhinishwa na ofisi ya serikali ya jimbo. California ni jaji anayeidhinisha, mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo asilimia si dhambi yenyewe. Dhambi ni asilimia isiyo na mtu wa kuiangalia.

Lakini Texas ina kituko kimoja: mwajiri binafsi halazimishwi kuwa na bima ya fidia. Ukianza kazi, uliza kwanza.

#21 Pimbi Mjanja
Mwana Uvira karibu sana, ila Kitwana yuko Mbagala, mabango yake ni ya mganga kutoka Sumbawanga.

#22 Mwana Uvira
Huyo mganga anachukua asilimia ngapi?

#23 Pimbi Mjanja
Kuku mweupe na nauli ya kurudi.

#24 Katibu wa Tawi
Naona mnazunguka chama cha wafanyakazi kama hakipo. Viwandani kuna TUICO. Kama kuna tawi hapo kiwandani, aanze kwa mwenyekiti wa tawi kabla ya wakili. Tunakwenda na mwanachama mpaka kwa mwajiri, tunamwandikia barua, tukishindwana tunakwenda naye Tume. Mwanachama keshalipia kwa makato yake ya kila mwezi.

Pia ajali ya namna hii inatakiwa ifike OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi. Mashine inayochomolewa vitu huku inazunguka ni suala la usalama, si la fidia peke yake. Mkaguzi akifika na kuandika ripoti, hakuna atakayekana kwamba ilitokea pale.

#25 Nyundo ya Gongo la Mboto
Mwenyekiti wa tawi kwetu alikuwa ndiye msimamizi wa zamu. Nimemaliza.

#26 Katibu wa Tawi
Basi nenda ngazi ya mkoa. Usihukumu chama kizima kwa mtu mmoja.

#27 Kitwana wa Mbagala
Wakuu nawasoma wote, asanteni. Nimekaa na dogo jana, tumechambua karatasi zake. Nimeipata slipu yake ya mshahara, naandika kama ilivyo:

Jina la juu si la kiwanda. Ni la kampuni nyingine kabisa, nimeuliza nikaambiwa ni wakala wa ajira.
Mshahara: 400,000.
Makato: NSSF, na mstari mwingine umeandikwa "WCF 2,000".
Lakini dogo anasema kwa mwezi alikuwa anapokea kama laki sita, laki mbili zikitolewa mkononi na msimamizi kama posho ya zamu. Hazipo popote.

Hii ina maana gani?

#28 Mama Rasilimali
Subiri. WCF ndiyo huohuo Mfuko wa Fidia, na huo mstari wa 2,000 umenichefua. Mchango wa Mfuko wa Fidia ni wa mwajiri peke yake. Haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi, hata senti. Ni nusu asilimia ya 400,000 kamili kabisa, yaani wamepiga hesabu vizuri halafu wakamtwisha aliyekuwa hatakiwi kulipa.

#29 Bi Sauda Kigamboni
Kwa hiyo dogo alijilipia bima yake mwenyewe na bado wanamficha. Lahaula.

#30 Nyundo ya Gongo la Mboto
Au walikata na hawakupeleka. Hilo ndilo wazo langu la #9, narudia.

#31 Mama Rasilimali
Au walipeleka. Waliokata vibaya si lazima wawe wameiba. Nimeona mhasibu anakata kwa ujinga tu, kaona NSSF inakatwa akadhani zote ni ndugu. Mfuko utajua ndani ya dakika tano, wana rekodi za kila mwajiri. Ulizeni kwa jina la wakala, si la kiwanda.

#32 Kalamu Nyeusi
Hili la wakala ndilo zito kuliko vyote, na pengine ndilo linaloeleza kimya. Kiwanda kinasema si mtu wetu, ni wa wakala. Wakala anasema ajali si kwetu, ni kiwandani. Mgonjwa katikati.

Kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kuna kifungu cha 61 kinachoweka dhana ya nani ni mfanyakazi. Kinaangalia mambo kama: nani anamwelekeza namna ya kufanya kazi, nani anampangia saa, zana ni za nani, anamtegemea nani kiuchumi, kama amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Likiwepo mojawapo, anachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo aliyeambiwa "wewe kibarua tu" asikate tamaa. Ila hapa hatuna shida ya kama ni mfanyakazi. Swali ni wa nani. Slipu inasema wa wakala. Msimamizi aliyetoa amri na posho za mkononi zinasema vingine.

Kwa hali hii mimi sasa nasema wakili anahitajika, angalau wa kukaa na karatasi zenu saa moja. Hamna hela? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hapo Dar kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasikiliza bure. Nendeni asubuhi, foleni ipo.

#33 Daktari wa Kata
Mimi naona la wakala ni dogo, la posho ndilo kubwa. Malipo ya asilimia 70 yakipigwa kwenye laki nne ni 280,000. Yakipigwa kwenye laki sita ni 420,000. Kila mwezi 140,000 inapotea, na ulemavu wa kudumu nao unahesabiwa kwa mshahara huohuo.

#34 Mama Rasilimali
Posho ya mkononi isiyo na saini utaithibitishaje? Mfuko unaangalia kilichotangazwa na mwajiri.

#35 Nyundo ya Gongo la Mboto
Mashahidi wapo. Zamu nzima ilikuwa inapokea.

#36 Mama Rasilimali
Zamu nzima ambayo kesho inataka kuingia kazini. Mwite mmoja aje kutoa ushahidi uone.

#37 Katibu wa Tawi
Msimamizi alikuwa na daftari. Wasimamizi wote wana daftari. Waliopokea walisaini humo ili asidaiwe na bosi wake.

#38 Kitwana wa Mbagala
Katibu umejuaje? Dogo anasema lilikuwepo, jalada jekundu, kila Jumamosi wanasaini.

#39 Katibu wa Tawi
Miaka ishirini viwandani, kijana.

#40 Kalamu Nyeusi
Msiende kuliiba hilo daftari tafadhali, nawajua. Kuna namna ya kuomba mwajiri aamriwe kuleta nyaraka. Andikeni tu sasa hivi majina ya waliokuwa zamu moja na dogo, kabla hawajatawanyika.

#41 Bi Sauda Kigamboni
Na ile karatasi ya laki tano? Imesahaulika. Inamfunga au haimfungi?

#42 Nyundo ya Gongo la Mboto
Haimfungi. Mtu kalewa dawa, kaweka dole la kushoto, hakusomewa. Karatasi ya vitumbua hiyo.

#43 Mvita Kando ya Bahari
Huku kwetu bima huja na karatasi kama hiyo mbio mbio. Mimi nisingeidharau.

#44 Kalamu Nyeusi
Nami siidharau. Makubaliano yake na mwajiri ni kitu kimoja, haki yake kwa Mfuko ni kingine, na sioni laki tano ikiifuta hiyo ya pili. Lakini sijaisoma. Ninachokiogopa mimi ni sentensi ya katikati kuliko hayo "malipo ya mwisho". Nimekutana na karatasi iliyosema "niliumia kwa kucheza na mashine wakati wa mapumziko". Aombe nakala kwa barua.

#45 Mzee wa Tazara
Marahaba Mama Rasilimali, nimechelewa kuitikia. Nimewaelewa vijana. Lakini bado nasema mkienda ofisini nendeni watu wazima wawili, kijana peke yake anaambiwa njoo kesho mpaka azeeke.

#46 Mama Rasilimali
Hapo Mzee nakuunga mkono kwa mikono miwili.

#47 Mpishi Nungwi
Samahani kuingilia. Mimi niko hotelini Zanzibar, nimeungua mafuta mkono mzima, Mfuko huu unanihusu?

#48 Kalamu Nyeusi
Pole sana. Huu ni wa Tanzania Bara, Zanzibar mna sheria yenu na utaratibu wenu. Hata orodha ya mawakili ni nyingine, usimtafute kwenye e-Wakili ya huku. Fungua uzi wako, watu wa Unguja wapo humu wamelala tu.

#49 Kitwana wa Mbagala
Mrejesho. Tumekwenda ofisi ya Mfuko mimi, dogo na mjomba (Mzee wa Tazara, nimekusikia). Wametupokea vizuri. Wakala amesajiliwa na michango ipo. Taarifa ya ajali nayo ipo, ilitumwa na wakala. Ila kwenye mahali pa ajali pameandikwa "ofisini", na aina ya ajali "alijikata". Wametuambia tulete maelezo ya dogo kwa maandishi na taarifa ya hospitali.

Barua kwa wakala na kwa kiwanda tumepeleka zote, muhuri tumegongewa kwa wakala tu. Kiwandani mlinzi kapokea, hana muhuri.

Wakili wa suti kapiga simu, kashuka mpaka asilimia 20. Nimemuuliza jina kamili, akasema mtandao unakatika.

#50 Pimbi Mjanja
Mwache, wiki ijayo atafika 5 na kuku mweupe.

#51 Nyundo ya Gongo la Mboto
"Ofisini". Mnaona sasa? Huo ni uongo wa kupangwa, kumkinga mwenye kiwanda.

#52 Mama Rasilimali
Au karani wa wakala hajawahi kukanyaga kiwandani, kajaza anachokijua. Fomu inataka jibu, yeye yuko ofisini, kaandika ofisini. Nimewahi kusahihisha ya hivyo.

#53 Kalamu Nyeusi
Kwa barua yoyote iliyopokewa na mlinzi: andika jina lake, saa na tarehe, na uitume nyingine kwa njia ya posta iliyosajiliwa. Hayo maelezo ya dogo asiyaandike kwa hasira. Nani alimwagiza, mashine ipi, saa ngapi, nani alikuwepo. Basi.

#54 Bi Sauda Kigamboni
Mimi nataka kujua tu hiyo ofisi ya wakala ina mashine gani ya kukata vidole viwili. Stepla?